Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Chura, Jifunze Kufuga Inzi

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya chura mdogo wa buluu, mmoja wa wale wanaojulikana kama vyura wa mishale ya sumu, tukaeleza kwa mistari mitatu tu kwamba siku hizi hufugwa majumbani huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mistari hiyo mitatu imetuletea barua nyingi kuliko makala nzima ya kuku iliyochapishwa pembeni yake. Nimechagua barua tano, nikazifupisha pale ilipobidi.

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni mkazi wa Minneapolis, kwetu ni Tanga. Hivi karibuni nilikwenda kwenye maonyesho ya wanyama wa kufugwa nikamwona chura kama yule wa picha yenu, na muuzaji akanihakikishia kwamba ni rahisi kumtunza. Nilikaribia kumnunua pamoja na sanduku lake papo hapo, lakini mke wangu alikataa, akasema hawezi kulala nyumba moja na mnyama ambaye sumu yake hupakwa kwenye mishale. Je, hofu yake ina msingi? Na mtu ambaye hajawahi kufuga chura aanzie wapi?

JIBU: Marahaba. Mke wako amekosea kuhusu sumu, lakini amepatia kukuzuia kununua siku ile, kwa hiyo nitaanza na lile alilokosea.

Chura uliyemwona asili yake ni visiwa vya msitu vilivyotawanyika katika mbuga ya Sipaliwini, kusini mwa Suriname, karibu na mpaka wa Brazili. Mwaka 1969 wanasayansi walimpa jina la spishi yake mwenyewe, Dendrobates azureus, ingawa leo huhesabiwa kuwa ni rangi mojawapo tu ya spishi yenye rangi nyingi iitwayo Dendrobates tinctorius. Ukoo wake ni mkubwa na umeenea kutoka Nikaragua hadi Bolivia na Brazili, lakini wanaojulikana kwa hakika kutumiwa kwenye mishale ni spishi tatu tu za jenasi nyingine, Phyllobates, na aliye mkali kupita wote ni chura wa dhahabu wa pwani ya Pasifiki ya Kolombia, Phyllobates terribilis. Wawindaji wa kabila la Emberá kwa jadi husugua ncha ya mshale juu ya mgongo wa chura huyo, kisha huurusha mshale kwa kuupuliza kutoka kwenye bomba refu. Mwili wa chura mmoja wa aina hiyo porini hubeba takriban miligramu moja ya sumu, kiasi ambacho kinakadiriwa kutosha kuwaua watu kumi au zaidi.

Jambo ambalo muuzaji angepaswa kumweleza mke wako ni kwamba vyura hawa hawaitengenezi sumu hiyo wenyewe. Huipata kutoka katika vyakula vyao vya msituni, yaani sisimizi, utitiri, mbawakawa wadogo na jongoo, kisha huihifadhi katika tezi za ngozi. Chura aliyezaliwa ndani ya sanduku la kioo na kulishwa inzi wa matunda hana sumu, hata akiwa ni huyo wa dhahabu. Aliyekamatwa porini, kwa upande mwingine, anaweza kubaki na sumu yake kwa miaka, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutomnunua. Sababu nyingine ni kwamba mara nyingi hufika amedhoofika na amejaa minyoo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji yeyote liwe hili: amezaliwa wapi, na wazazi wake wako kwa nani? Mfugaji wa kweli hulijibu kwa furaha na kwa kirefu, pengine kwa kirefu mno.

Pamoja na hayo, asishikwe hovyo. Ngozi ya chura hunywa kila kinachoigusa, na mafuta ya kujipaka au mabaki ya sabuni kwenye kiganja chako ni hatari zaidi kwake kuliko yeye alivyo kwako. Nawe unawe mikono kila umalizapo kazi ndani ya sanduku, kwa kuwa vyura, kama walivyo kobe na mijusi, wanaweza kubeba bakteria wa salmonela.

Sasa mahali pa kuanzia. Nunua sanduku la kioo lenye upana, kina na kimo cha sentimita 45, ambalo linawatosha vyura wawili wazima, nawe ulipatie muda wa mwezi mmoja hadi miwili likiwa halina chura. Chini kabisa tandaza kokoto nyepesi za udongo uliochomwa ili maji ya ziada yapate pa kukaa, juu yake weka wavu laini, kisha udongo usioshikana uliochanganywa na magome ya miti, nyuzi za mimea na vipande vya mkaa. Panda mimea ipendayo unyevu, kama vile bromelia, majani ya kutambaa na jamii ya kangaga. Halafu funika udongo wote kwa majani makavu, tena kwa wingi, kwa sababu hapo ndipo chura atakapojificha na kuwinda. Wewe wa Tanga utacheka ukiona kinachouzwa huko kwa bei ya kitoweo: majani makavu ya mkungu, yaleyale tunayoyafagia uani kila asubuhi, hufungwa katika pakiti na kuuzwa kwa wafugaji, maana huoza polepole.

Katika majani hayo mwagia makundi mawili ya wafanya usafi. Kundi la kwanza ni kolembola, vijidudu vyeupe vidogo mno vinavyokula ukungu, na la pili ni isopodi, ambao hula majani yaliyooza na kinyesi cha vyura. Wakizaliana vizuri, hutalazimika kubadilisha udongo kwa miaka kadhaa, na chura naye atapata vitafunio katikati ya milo. Ndiyo maana nasisitiza kusubiri. Anayeweka chura siku ileile aliyojenga sanduku hawapi vijidudu hivyo nafasi ya kuzaliana, tena hugundua kasoro za sanduku lake kwa gharama ya chura.

Joto liwe kati ya nyuzi 22 na 26 za Selsiasi mchana, na lishuke kidogo usiku. Wengi hudhani mnyama wa tropiki hutaka joto kali, kumbe vyura hawa huishi kivulini, chini ya miti mirefu, na joto likivuka nyuzi 29 kwa saa kadhaa linaweza kuwaua. Minneapolis itakusumbua kwa namna mbili: wakati wa baridi mitambo ya kupasha joto nyumba hukausha hewa, na wakati wa kiangazi chumba kisicho na kiyoyozi hupanda joto kuliko inavyofaa. Funika sehemu kubwa ya juu ya sanduku kwa kioo ukiacha upenyo mwembamba wa hewa, nyunyizia maji mara moja au mbili kwa siku, na usiamini kipimajoto kilichobandikwa nje ya kioo. Maji yasiwe ya bomba yalivyo, kwani miji mingi ya Marekani husafisha maji yake kwa kloramini, ambayo, tofauti na klorini ya kawaida, haipotei kwa kuacha ndoo wazi usiku kucha. Maji yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosisi ndiyo bora, nayo hayaachi madoa meupe kwenye kioo.

Taa ya kawaida ya mimea, saa 12 kwa siku, inatosha. Maporomoko ya maji ya mapambo, ambayo muuzaji bila shaka alikuonyesha, uyaache dukani: hulowesha udongo, huziba, na pampu yake huharibika mahali ambapo mkono hauwezi kufika bila kubomoa bustani nzima.

Ukishakamilisha hayo, chagua mojawapo ya aina tatu. Ya kwanza ni huyo tinctorius, ambaye hufikia sentimita nne hadi tano, ni mkubwa, jasiri, na huonekana mchana. Ya pili ni auratus, wa kijani na weusi, mvumilivu lakini mwenye haya. Ya tatu ni leucomelas wa Venezuela na nchi jirani, mwenye mistari ya manjano na nyeusi, ambaye dume lake huimba kama ndege. Jamii ya Oophaga, wale wadogo wekundu, waachie wazoefu, maana majike wao hulisha viluwiluwi kwa mayai yasiyorutubishwa na mfugaji hawezi kwa urahisi kushika nafasi ya mama. Nawe umweleze mke wako jambo moja zaidi kabla hajakubali: chura huyu, akitunzwa, huishi miaka 10 hadi 15, na wengine huizidi hiyo.

SWALI: Ninaishi Hamburg katika nyumba ya vyumba viwili pamoja na rafiki. Nilinunua vikombe viwili vya inzi wa matunda kwa ajili ya vyura wangu. Baada ya wiki tatu kimoja kilifanya ukungu, cha pili kikafa chote, na wiki hiyohiyo jikoni kukajaa inzi wanaoruka. Rafiki yangu anataka nihame mimi au wahame vyura. Nifanye nini?

JIBU: Hapa ndipo wanaoanza huangukia, wala si kwenye chura. Chura mzima hula karibu kila siku, hamli mdudu asiyetembea, na hakuna duka litakalokuwa wazi siku ya sikukuu inzi wako wakiisha. Mtu anayefikiria kufuga vyura hawa ningemtaka afuge inzi kwa miezi miwili kwanza. Akiweza kuwafuga inzi bila kukosa hata wiki moja, chura hatamshinda.

Kosa lako ni kuwa na vikombe viwili vya umri mmoja, vilivyopanda na kushuka pamoja. Tengeneza kikombe kipya kila wiki, hata kama kwa wakati huo inzi wamekuzidi, na uandike tarehe juu ya kila kimoja. Unga wake ni rahisi: sehemu nne za viazi vikavu vilivyosagwa, sehemu moja ya sukari, sehemu moja ya hamira ya watengeneza pombe, na kijiko cha mdalasini cha kuzuia ukungu. Weka robo kikombe cha unga huo katika chombo cha plastiki, mimina maji ya moto yenye siki kidogo mpaka upate kitu kizito kama uji uliolala, acha upoe kabisa, nyunyizia chembe chache za hamira ya mkate, kisha tia nyuzi za mbao au karatasi za kuchujia kahawa zilizokunjwa ili inzi wapate pa kutambaa. Ndipo uingize inzi wasiopungua hamsini. Ukiingiza kumi, ukungu utawahi kabla ya mabuu.

Katika chumba chenye nyuzi 24 hivi, Drosophila melanogaster, yule mdogo, hutoa kizazi kipya kwa takriban wiki mbili. Drosophila hydei ni mkubwa zaidi na humshibisha tinctorius haraka, lakini huchukua wiki tatu au zaidi, kwa hiyo asiwe tegemeo lako la pekee. Kikombe kilichopita mwezi mmoja kifungie katika mfuko, kigandishe kwenye friza usiku mmoja, ndipo ukitupe. Vikombe vya zamani ndivyo vinavyonuka, na ndivyo vinavyozaa utitiri wanaoingia katika vipya na kuwamaliza mabuu. Nadhani hao ndio waliokiua kikombe chako cha pili.

Kuhusu wale wanaoruka, inzi wanaouzwa kwa wafugaji wana kasoro ya kurithi inayowanyima mabawa au nguvu ya kuruka. Inzi mmoja wa mwituni akipenya na kujamiiana nao, watoto wote watakaozaliwa wataruka, na kikombe hicho hakina tena faida kwako. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilifunika vikombe kwa kitambaa cha chandarua nikijiona mjanja, bila kufikiri kwamba tundu linalomzuia mbu haliwezi kumzuia inzi huyu. Tumia mfuniko wenye kitambaa kizito au karatasi ya kuchujia, na sogeza vikombe mbali na ndizi zenu. Jikoni weka bakuli la siki yenye tone la sabuni kama mtego, na umwombe rafiki yako wiki mbili.

Tena, inzi mtupu si chakula kamili. Kabla ya kulisha, wamimine katika kikombe kikavu chenye poda ya kalsiamu na vitamini, uwatikise mpaka wawe weupe kama samaki anayegaragazwa kwenye unga kabla ya kukaangwa. Poda hiyo iwe na vitamini D3, na angalau mara mbili kwa mwezi tumia yenye vitamini A halisi. Ikishafunguliwa hupoteza nguvu, hivyo ibadilishe kila baada ya miezi sita hata kama chupa imejaa. Vyura wengi wanaokufa wakiwa wachanga kwa miguu kupinda au kukakamaa hufa kwa sababu ya poda iliyochakaa.

SWALI: Mwanangu wa miaka 13, hapa Toronto, ameniomba vyura wa rangi tatu tofauti katika sanduku moja kubwa. Pia amesoma mahali kwamba dume mmoja na majike wawili ndio mpangilio mzuri. Naomba ushauri wako.

JIBU: Mama, mpe pongezi kwa kusoma, kisha mkatalie yote mawili. Aina hizi hazikutani porini, na katika sanduku moja zitagombania maficho, zitaambukizana magonjwa, na zile zenye ujamaa wa karibu zitazaa machotara ambao hakuna mfugaji makini atakayewapokea. Hata rangi mbili za tinctorius hazichanganywi, kwa sababu kila rangi inatoka bonde lake.

Kuhusu wake wawili, kwa tinctorius hiyo ni vita. Majike hupigana mieleka, hukandamizana kwa saa nzima, na kila mmoja hula mayai ya mwenzake. Mara nyingi mfugaji haoni damu wala jeraha, huona tu kwamba jike mmoja anakonda mwezi hadi mwezi. Wawekwe wawili tu, dume na jike, ingawa itawabidi msubiri, kwani jinsia haijulikani vizuri kabla ya miezi tisa hadi mwaka. Jike huwa mnene na mwenye mgongo uliojipinda, na dume huwa na vidole vya mbele vyenye ncha pana. Ikiwa kijana anataka kundi, leucomelas wanne waliokulia pamoja wataelewana katika sanduku la lita 150 au zaidi, naye atasikia wimbo asubuhi, jambo ambalo kwa tinctorius asingelipata, kwani sauti yake ni hafifu mno.

SWALI: Mimi niko Mombasa. Shemeji yangu anakuja kutoka Ujerumani mwezi ujao, na anasema anaweza kuniletea viluwiluwi wachache kwenye chupa ndani ya begi. Kuna ubaya?

JIBU: Upo, bwana, na si mmoja. Vyura hawa wamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, tangu mwaka 1987. Hawavuki mpaka bila kibali cha nchi wanakotoka, na kumwingiza Kenya mnyama wa kigeni kunataka idhini ya mamlaka zetu pia. Shemeji yako atakuwa msafirishaji haramu wa wanyamapori kwa ajili ya chupa ya viluwiluwi.

Sababu iliyo nzito zaidi ni ugonjwa. Kuvu wa ngozi aliyewaangamiza vyura katika mabara kadhaa, Batrachochytrium dendrobatidis, alitambuliwa na kupewa jina mwaka 1999 kutoka kwa chura wa buluu aliyekufa katika bustani ya taifa ya wanyama jijini Washington, ndugu wa chura wa picha yetu, na ndiyo maana jina la kuvu hao limefanana na la ukoo wa vyura hawa, Dendrobatidae. Kuvu hao hao walikutwa kwa vyura wa Kihansi, kule kusini mwa Tanzania, kundi lao lilipoporomoka mwaka 2003. Vyura hao wadogo wa manjano, wanaozaa watoto badala ya kutaga mayai, waligunduliwa mwaka 1996 tu, katika eneo dogo lililoloweshwa na rasharasha za maporomoko. Bwawa la umeme lilipoyapunguza maji mwaka 2000, vyura 499 walipelekwa Marekani, na ni wazao wao, waliotunzwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo kwa vioo, vinyunyizio na vijidudu vya kuzalishwa, waliorudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, mwaka mmoja baada ya spishi hiyo kutangazwa kuwa imetoweka porini. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni. Ustadi uliowaokoa ni uleule wa mfugaji wa nyumbani, isipokuwa kwamba kule kila buti lilioshwa kwa dawa na maji machafu hayakumwagwa ovyo. Ya kwako yangemwagwa wapi?

Halafu fikiria hali ya hewa. Hivi ninavyokuandikia, chumba chako yaelekea kimevuka nyuzi 30, na kiyoyozi kikizimika na umeme mchana mmoja, mchezo umekwisha. Na akitoroka akapona? Huko Hawaii auratus waliachiliwa kwa makusudi mwaka 1932 wakitumainiwa kula mbu, na wangali huko mpaka leo, pamoja na mbu.

SWALI: Vyura wangu wawili wa auratus, hapa Leeds, wana siku 12 tangu wafike. Sijawaona tangu siku ya tatu. Nichimbue udongo niwatafute?

JIBU: Usichimbue. Auratus mgeni anaweza kujificha mwezi mzima, na kila ukifukua unaanza kuhesabu upya. Ongeza majani makavu, hata kama inaonekana kinyume cha akili, kwa sababu chura mwenye maficho kila hatua mbili hujitokeza zaidi kuliko mwenye ficho moja la mbali. Weka kipande kidogo cha ndizi mahali pamoja karibu na kioo ili inzi wakusanyike hapo, kisha keti mbali asubuhi taa zinapowaka, mara tu baada ya kunyunyizia. Hesabu inzi jioni na asubuhi: wakipungua, wanaliwa. Ukiona kinyesi, kichukue kikiwa kibichi, umpelekee daktari wa wanyama anayepima minyoo, jambo ambalo lingefaa kufanywa wakiwa bado katika chombo cha karantini kwa mwezi mmoja. Cha kukutia wasiwasi ni chura aliyekaa ndani ya maji kutwa, au ambaye mifupa ya nyonga inaonekana chini ya ngozi. Huyo mtoe siku hiyohiyo, kwa kikombe na si kwa mkono, umweke peke yake juu ya karatasi ya jikoni iliyoloweshwa, na umpigie daktari kabla hajafunga.